Dikrii ina tarehe nyingine na ada nililipa kwa kuchelewa: je, rufaa yangu bado ipo?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi nauza mahindi soko la Kibaigwa. Nilimshtaki mnunuzi aliyechukua mzigo wa shilingi milioni 38 kwa mali kauli halafu akanikimbia. Kesi ilisikilizwa mahakama ya wilaya hapa mkoani, nikashindwa. Hukumu ilisomwa 14 Machi 2025. Tarehe 20 Machi nikaandika barua ya kuomba nakala, nikapewa 6 Mei. Rufaa niliiwasilisha kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama tarehe 25 Julai kwenda Mahakama Kuu Dodoma. Ankara ilitoka 28 Julai. Nikalipa kwa simu, pesa ikakatwa kisha ikarudi, hadi kontro namba ikaisha muda. Nyingine nikapata na kulipa 1 Agosti. Sasa kijana wa steshenari ameniambia dikrii, ile karatasi ya amri ya mwisho, imeandikwa tarehe 17 Machi wakati hukumu ni ya 14. Jirani yangu naye anasema rufaa ni siku 30, kwa hiyo mimi nilishachelewa tangu Aprili. Rufaa itatajwa wiki tatu zijazo. Sina wakili. Nifanyeje?

Marahaba dada.

Nianze na jirani yako, maana huyo ndiye amekunyima usingizi bure. Siku 30 anazozisema zipo kweli, ila ni za kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo. Ukishindwa Mahakama ya Mwanzo una siku 30 kwenda Mahakama ya Wilaya, na ukishindwa hapo una nyingine 30 kwenda Mahakama Kuu. Wewe hukuanzia huko, wala usingeweza: deni la mkataba linalozidi milioni 30 halifunguliwi Mahakama ya Mwanzo. Kesi yako ilizaliwa Mahakama ya Wilaya chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, na muda wa rufaa yake unatoka katika jedwali la Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Ni siku 90. Jirani akija na hadithi ya siku 45 pia, mwambie hizo ni za kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kila mlango una saa yake ukutani, na watu wengi wamepoteza haki kwa kusoma saa ya mlango wa jirani.

Sasa tuhesabu zako, na tuhesabu kwa vidole kama watoto, maana hapa ndipo wanasheria wenyewe tunapoumbuka. Mimi niliwahi kuhesabu miezi mitatu badala ya siku 90. Sitasahau ule uso wa mteja.

Siku ya hukumu haihesabiwi. Unaanza 15 Machi. Machi inakupa siku 17, Aprili 30, Mei 31, jumla 78; ukiongeza 12 za Juni unafika 90. Kwa hesabu kavu, mwisho wako ulikuwa 12 Juni 2025. Jumamosi, Jumapili na Pasaka zote zimo ndani. Sikukuu inakusaidia pale tu siku ya mwisho inapoiangukia, ndipo unasogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Lakini Sheria ya Ukomo inaondoa kwenye hesabu ule muda uliohitajika kupata nakala ya dikrii na hukumu. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba muda huo unatoka wenyewe, huhitaji kwanza kuomba kuongezewa muda, mradi kumbukumbu zionyeshe uliomba lini na ulipewa lini. Barua yako ya 20 Machi ndiyo iliyokuokoa hapa. Tafuta nakala yake yenye mhuri wa kupokelewa masjala, uitunze kama hati ya kiwanja.

Kuna namna mbili za kupiga hesabu hiyo. Ya ukarimu inaanza upya siku ya pili baada ya kupewa nakala: kuanzia 7 Mei, siku 90 zinaisha 4 Agosti. Ya ubahili inasema ulishatumia siku tano kabla ya kuandika barua, 15 hadi 19 Machi, kwa hiyo ulibakiwa na 85, nazo zinaisha 30 Julai. Mimi hufanya kazi kwa ile ya ubahili daima. Wakili wa mjibu rufaa, yaani yule mnunuzi, ataichagua hiyo hiyo.

Angalia tena jambo moja dogo kwenye nakala zako. Mara nyingi nyuma ya ukurasa wa mwisho kuna mhuri unaoonyesha siku nakala ilipokuwa tayari na siku ulipoichukua. Kama ilikuwa tayari 2 Mei na wewe ukaja 6 Mei kwa sababu ulikuwa gulioni, siku hizo za katikati ni mzigo wako. Muda unaoondolewa ni ule wa mahakama kukuandalia, na kutofuatilia kwako hakumo.

Twende kwenye ada. Wewe umeniandikia kana kwamba ada ndiyo kesi nzima, na naelewa, pesa ikikatwa halafu isionekane mtu hachoki kuifikiria. Msimamo wa zamani wa Mahakama ya Rufani, uliowekwa tangu mwaka 1992, ni kwamba shauri huhesabika limefunguliwa siku ada ilipolipwa. Siku ya kukabidhi makaratasi haihesabiki. Halafu zikaja Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki za 2018, zinazosema nyaraka iliyotumwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku inahesabika imefunguliwa siku hiyo. Majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana juu ya hizi mbili: wapo walioshika siku ya kutuma, wapo walioshika siku ya kulipa.

Kwa hiyo jipime kila upande. Wakishika siku ya kutuma, yaani 25 Julai, uko ndani kwa hesabu zote mbili. Wakishika siku ya kulipa, 1 Agosti, uko ndani kwa hesabu ya ukarimu. Unaanguka pale tu jaji atakaposhika siku ya kulipa na hesabu ya ubahili kwa pamoja, na hapo unaanguka kwa siku mbili. Siku mbili zinatosha kuua. Rufaa iliyopita muda hutupwa, na iliyotupwa kwa sababu ya ukomo huwezi kuirudisha pale pale kama unayerudisha gunia lililokosa uzito.

Ndiyo maana nataka ushahidi wa ule muamala uliogoma. Nenda kwa kampuni ya simu ukachukue taarifa ya miamala ya siku zote kuanzia 28 Julai hadi 1 Agosti, iliyogongwa mhuri. Ile meseji iliyoko kwenye simu yako peke yake haitoshi; simu ikiibiwa ushahidi umekwenda. Chapisha pia ankara ya kwanza inayoonyesha kontro namba ilitolewa lini na iliisha lini, na ile ya pili, na risiti ya serikali. Kama ulilipia kwa wakala kwa jina la mtu mwingine, mwandike huyo mtu jina na namba yake sasa, kabla hajahamia Gairo.

Hapa wengi hukosea. Zile Kanuni za 2018 zina upenyo kwa mtu aliyepitwa na muda kwa hitilafu ya kiufundi ya mfumo wa mahakama: anatakiwa amtaarifu Msajili haraka, si zaidi ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata, na kuomba nafuu. Wewe hukufanya hivyo, na tatizo lako lilikuwa kwenye njia ya malipo, mfumo wa kusajili ulikuwa unafanya kazi. Usiende kujitetea kwa kanuni hiyo, utajibiwa vibaya. Ushahidi wako wa muamala utatumika kwenye mlango mwingine nitakaoufikia.

Kwa wasomaji wengine wanaopitia hapa: usisubiri ankara ikutoke wiki ya mwisho. Ukishatuma nyaraka huwa zinapitiwa, na zinaweza kurudishwa kwako kwa kurasa zisizosomeka au kiambatisho kilichosahaulika. Kila kurudishwa ni siku. Na ada hulipwa kwa kontro namba tu. Mtu akikupa namba yake binafsi ya simu umtumie "ili aharakishe", huyo anakuibia, awe amevaa tai au hakuvaa.

Sasa dikrii. Umeitaja mwishoni, kama mtu anayekohoa akiwa mlangoni anaondoka, kumbe ndiyo ugonjwa wenyewe.

Dikrii ni ile karatasi fupi inayobeba amri ya mwisho: nani ameshinda, anapata nini, gharama kwa nani. Hukumu inaeleza kwa nini. Dikrii inasema nini. Unapokata rufaa chini ya Amri ya 39 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, kinachokatiwa rufaa ni dikrii, na hati yako ya rufaa lazima iambatane na nakala yake. Mahakama inaweza kukusamehe kuambatisha hukumu. Dikrii haisamehewi hivyo. Na Amri ya 20 inataka dikrii ibebe tarehe ileile ambayo hukumu ilitolewa. Yako inasema 17 Machi. Nilifungua kalenda: 14 Machi ilikuwa Ijumaa, 17 Jumatatu. Nahisi hukumu ilisomwa Ijumaa jioni, mchapaji akaketi Jumatatu na kuandika tarehe ya siku ile. Kosa la binadamu, tena si lako. Lakini rufaa inayoyumba ni yako. Rufaa nyingi, hata Mahakama ya Rufani, zimeondolewa kwa dikrii zenye tarehe isiyolingana na ya hukumu au zilizosainiwa na asiyehusika.

Utaambiwa kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 mahakama zinatakiwa kutazama haki ya msingi na zisifungwe sana na ufundi. Ni kweli, na baadhi ya majaji wameitumia kanuni hiyo kuruhusu dikrii irekebishwe rufaa ikiwa bado hai. Ila Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba kanuni hiyo haifuti masharti ya lazima ya utaratibu. Iweke mfukoni kama akiba, usijenge nyumba juu yake.

Kuirekebisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Sheria inairuhusu mahakama iliyotoa dikrii kusahihisha makosa ya kalamu na ya hesabu wakati wowote, kwa kuombwa au yenyewe. Andika barua kwa Hakimu Mfawidhi wa mahakama ile ya wilaya. Taja namba ya kesi, majina ya wadaawa (pande zote za kesi) kama yalivyo kwenye hukumu, sema hukumu ilitolewa 14 Machi 2025 na dikrii imeandikwa 17 Machi 2025, omba isahihishwe na upewe nakala iliyothibitishwa. Nusu ukurasa. Usilalamike, usimtaje karani, usisimulie ulivyonyimwa haki. Ambatisha nakala za zote mbili. Mpelekee mjibu rufaa nakala ya barua, na masjala wakugongee yako mhuri. Wakikuambia kwa hali yako wanataka maombi rasmi yenye kiapo cha maandishi, usibishane, fungua. Na kama hakimu aliyesikiliza kesi amehamishwa, aliyerithi nafasi yake anaweza kusaini. Usikubali kuambiwa mpaka afuatwe Kigoma.

Kagua kila kitu kwa pamoja kabla hujaandika, ili usiende mara mbili. Jina lako limeandikwa sawasawa na kwenye hati ya madai? Kiasi kinalingana? Amri ya gharama ipo? Kama jina kwenye dikrii linatofautiana herufi na kitambulisho chako cha NIDA, lakini kesi yote ilikwenda kwa jina hilo, usilibadilishe kimyakimya kwenye rufaa. Jina jipya kwenye rufaa ni mtu mpya asiyekuwa kwenye kesi.

Hapo sasa ndipo penye utamu na uchungu. Utapata dikrii safi, lakini rufaa iliyoko Mahakama Kuu imebeba ile mbovu. Unaingizaje hii mpya? Usiipakie tu kwenye mfumo ukidhani umemaliza. Nyaraka inaingia kwenye jalada kwa ruhusa ya mahakama.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni kasi. Mahakama zetu haziruhusu mtu kuziba tundu baada ya mwenzake kulionyesha kwa pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka rufaa isisikilizwe. Pingamizi likishaingia, ukisimama kuomba kurekebisha au kuondoa rufaa utaambiwa unalikwepa. Hujaniambia kama mjibu rufaa ameshaleta pingamizi, kwa hiyo nachukulia hajaleta. Una wiki tatu. Barua ya dikrii iende wiki hii.

Siku ya kutajwa, simama mwenyewe uliseme kosa kabla hajalisema yeye. Mweleze Jaji kwamba dikrii ilikuwa na tarehe isiyolingana, imesahihishwa na mahakama iliyoitoa, hii hapa, na unaomba ruhusa kuiwasilisha kwenye rufaa hii. Kama bado haijatoka, onyesha barua yenye mhuri na omba rufaa isogezwe mbele. Akikukatalia, usibishane naye: omba kuiondoa rufaa mwenyewe, kwa ruhusa ya kuirejesha. Rufaa uliyoiondoa au iliyoondolewa kwa ubovu wa nyaraka haijaamuliwa, kwa hiyo mlango haujafungwa. Tofauti ya kuondolewa na kutupwa ni kubwa kama ya kufungiwa nje na kuunguliwa nyumba.

Ila sikiliza: ruhusa ya kurejesha haikuongezei siku. Watu hutoka mahakamani wakishangilia "Jaji kaniruhusu", wanafungua tena, wanatupwa kwa ukomo. Ukifika kwenye kuondoa, utakuwa umeshavuka 30 Julai na 4 Agosti pia. Kwa hiyo kabla ya rufaa mpya utafungua maombi ya kuongezewa muda chini ya Sheria ya Ukomo, katika Mahakama Kuu hiyo hiyo, yenye kiapo chako. Huu ndio ule mlango niliosema ushahidi wa muamala utatumika.

Kwenye kiapo hicho eleza kila siku. Nasema kila siku kwa maana yake halisi; mahakama imekwishawakataa watu waliopoteza siku moja wasiyoweza kuieleza. Muda uliotumika kuhangaika na rufaa ya kwanza iliyofunguliwa kwa wakati lakini ikakwama kwa ubovu hutambuliwa kama ucheleweshaji wa kiufundi, na Mahakama ya Rufani imeukubali tangu uamuzi wake wa mwaka 1997. Hapo ndipo umuhimu wa kuonyesha kwamba ile ya Julai ilikuwa ndani ya muda, na hapo taarifa ya simu, ankara mbili na mihuri ya masjala vinafanya kazi. Lakini ulinzi huo unaisha siku rufaa inapoondolewa. Kuanzia kesho yake, kila siku ni ya kwako. Ukikaa wiki mbili unavuna alizeti, andika kiapo kwa ajili ya hizo wiki mbili, na sidhani kama kitapokelewa.

Usiandike kwenye kiapo "karani aliniambia nisubiri". Maneno ya karani yanaapwa na karani. Kama huna kiapo chake, andika ulichokifanya wewe: nilikwenda tarehe hii, niliandika barua hii, nilijibiwa tarehe ile.

Nimesoma pia hati yako ya rufaa uliyoniambatishia. Ina kurasa nne na ndani yake kuna simulizi ya namna mnunuzi alivyokuja na lori, alivyokula kwako chakula cha mchana, mpaka mvua. Sheria inataka sababu za rufaa kwa ufupi, zenye namba, bila simulizi wala mabishano. Kwa kesi yako naona tatu tu: hakimu hakuzipa uzito stakabadhi za mizani, alimtaka shahidi ambaye sheria haimtaki, na alihamishia kwako mzigo wa kuthibitisha jambo ambalo mdaiwa alikwishalikiri. Chakula cha mchana kitoe. Kosa hili ni jepesi. Mahakama inaweza kukurudishia urekebishe. Ila sababu ambayo hukuiandika huwezi kuijengea hoja bila ruhusa, basi usikate hadi ukaacha nyama. Na Kiswahili kinatosha. Tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya mahakama, usimlipe mtu akutafsirie ili ionekane ya kisomi.

Mambo mawili ya haraka. Vifungu: sheria zetu zilifanyiwa urekebu, toleo la mwaka 2023, na namba za vifungu vingi zimesogea. Ndiyo maana hapa nimetaja sura na amri, sikutaja namba za vifungu. Ukinakili namba kutoka kwenye maombi ya rafiki yako ya zamani, iangalie kwanza kwenye toleo jipya. La pili, rufaa haisimamishi utekelezaji. Ulishindwa kwa gharama, kwa hiyo mwenzako anaweza kudai gharama zake huku rufaa inasubiri. Akianza, omba utekelezaji usitishwe, usikae ukidhani namba ya rufaa ni kinga.

Na kama hofu ya ada ya pili ndiyo inayokurudisha nyuma, nenda kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 ukiwa na barua ya serikali ya kijiji au kitongoji chako. Mtu asiye na uwezo anaweza kuomba nafuu ya ada, ila anaomba kabla, haombi baada ya muda kuisha.

Jumatatu ukiwa masjala ya wilaya beba hukumu, dikrii, barua ya 20 Machi na nakala tatu za barua mpya, na uwahi kabla ya saa nne, maana baada ya hapo mahakimu huwa wamepanda kusikiliza kesi na hakuna wa kumwona. Wakishagonga mhuri, nipigie picha ukurasa huo wa mhuri unitumie.